"Akiba Haiozi": Sarufi ya Methali za Uwekevu na Maisha ya Mwambao wa Ziwa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Methali za Kiswahili zihusuzo uwekevu hufundishwa mara nyingi kama mapambo ya lugha: mwanafunzi hutakiwa aikamilishe methali, kisha aeleze maana yake kwa sentensi moja. Mtindo huo huacha nje jambo la msingi, nalo ni kwamba masharti ya hekima ya methali yamo katika sarufi yake. Makala hii inakusudia kuonyesha jambo hilo kwa kuchunguza methali tatu, zikisomwa sambamba na maisha ya watu wa Kigoma, Ujiji na Kidahwe. Kidahwe ni mahali panapofaa kwa uchunguzi wa aina hii. Hapo ndipo barabara itokayo Kigoma mjini hugawanyika, moja ikielekea Kasulu na nyingine Uvinza. Kwa hiyo dagaa wa ziwani, chumvi ya Uvinza na mazao ya shamba hupishana njia moja.

2.0 Akiba, Kiporo na Ubahili

Neno akiba limetokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kufuata nyuma au kuja mwishoni. Kwa asili yake, basi, akiba ni kitu kinachoitazama kesho. Hapa ndipo linapotofautiana na neno kiporo, yaani chakula kilichosalia kikalala. Kiporo husalia bila kukusudiwa. Akiba hukusudiwa tangu mwanzo. Mtu aliyebakiwa na kitu baada ya kutumia hajawa mwekevu kwa sababu hiyo tu.

Kivumishi -wekevu nacho kimeundwa kwa kitenzi weka na kiambishi tamati -vu, kama ilivyo katika -sikivu, -tulivu na -vumilivu. Kiambishi hiki hutaja tabia iliyokwisha kuzoeleka, wala si tendo la siku moja. Aidha, kuweka kunadokeza kutoa: kilichowekwa hungoja siku yake. Ubahili ni kinyume cha hayo, kwa kuwa bahili huzuia hata siku ya haja inapofika. Bahili na mwekevu huweza kuwa na ghala zilizojaa sawasawa, nao wakatofautiana siku mgonjwa anapolala ndani ya nyumba.

3.0 Kujaza na Kwisha

Tuzitazame sasa methali mbili zinazofanana kwa umbo:

(1) Haba na haba hujaza kibaba.
(2) Bandu bandu huisha gogo.

Zote mbili zinatumia uradidi kuonyesha udogo unaorudiwarudiwa, na zote zina kiambishi hu- cha mazoea, ambacho hakitaji nafsi wala ngeli ya kiima. Hata hivyo, vitenzi vyake havilingani. Jaza ni kauli ya kusababisha itokanayo na jaa. Kinahitaji kisababishi na kitu kinachojazwa. Isha hakina yambwa: gogo ndilo kiima cha methali ya pili, ingawa limewekwa nyuma ya kitenzi. Maana yake ni kwamba kujaa kunahitaji msababishi, lakini kwisha hutokea kwenyewe. Kibaba, ambacho ni robo ya pishi tu, hakijai bila mkono wa mtu. Gogo kubwa huisha hata pasipo mtu aliyekusudia kulimaliza. Ndiyo sababu ufujaji hauhitaji uamuzi, na uwekevu huuhitaji kila siku.

4.0 Je, Akiba Haiozi?

Methali ya tatu, "Akiba haiozi", ikichukuliwa kijuujuu haipatani na maisha ya mvuvi. Dagaa mbichi huharibika upesi mno katika joto la mwambao. Uvuvi wao nao una majira yake: hufanyika usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta samaki karibu na uso wa maji, zamani zikiwa za karabai. Mbalamwezi inapokuwa kali, mwanga wa taa hupoteza nguvu na uvuvi husimama kwa siku kadhaa. Kila mwezi, kwa hiyo, kaya ya mvuvi hupitia kipindi cha kuvuna na kipindi cha kungoja.

Kinachofanya akiba isioze ni kazi inayofuata uvuvi. Dagaa huanikwa juu ya mchanga au vichanja, hugeuzwa, hulindwa dhidi ya mvua, kisha hufungwa na kusafirishwa mbali; tangu reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, masoko ya mashariki yamefunguka zaidi. Ukanushi katika haiozi, basi, hautaji sifa ya kitu bali matokeo ya juhudi. Kisichohifadhiwa hakijastahili kuitwa akiba.

Historia ya soko la Ujiji inaafiki maelezo haya. Msafiri Verney Lovett Cameron, aliyefika huko mwaka 1874, alieleza jinsi shanga ziitwazo sofi zilivyotumika sokoni kama fedha. Kwa mwenye samaki wa siku moja, shanga ilikuwa njia ya kugeuza kinachooza kuwa kisichooza. Chumvi iliyochemshwa kutokana na chemchemi za Uvinza ilikuwa na manufaa maradufu: yenyewe haiozi, na huzuia vingine visioze.

5.0 Ziwa kama Akiba ya Wengi

Uzito wa methali hizi ulionekana wazi mwaka 2024, Tanzania ilipofunga shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Hatua hiyo ililichukulia ziwa lenyewe kuwa gogo linalobanduliwa na wengi, ambalo lingeweza kwisha bila mtu mmoja kuwa na hatia. Kwa lugha ya uwekevu, hoja hiyo ni sahihi.

Lakini swali la haki hubaki. Miezi mitatu si siku chache za mbalamwezi. Mwenye mtumbwi na nyavu huweza kuwa na kibaba cha kumvusha. Kibarua anayelipwa kwa fungu la samaki wa usiku huo huenda hana hata hiyo haba ya kwanza. Kumwambia huyo "haba na haba" ni kutumia methali pasipo mahali pake. Kiambishi hu-, kwa kutotaja nafsi, huificha tofauti hii: husema kibaba hujaa, wala hakisemi cha nani.

Desturi ya upatu inatoa jibu la sehemu. Katika upatu haba za watu kumi hujaza kibaba cha mmoja, kisha zamu huenda kwa mwingine. Uwekevu hapo huacha kuwa siri ya mtu na mkoba wake, ukawa ahadi baina ya majirani; na mtaji wake wa kwanza ni uaminifu.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba methali za uwekevu si amri za kubana matumizi. Akiba ni kusudi, uwekevu ni tabia, na kutooza ni matunda ya kazi. Mwalimu anayezifundisha atafanya vema kuwauliza wanafunzi maswali matatu juu ya kila methali: ni nani anayetenda, ni kitu gani kinachotendwa, na ni nani asiyetajwa. Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote, na pengine ndilo lenye faida zaidi, kwa maana hekima isiyomwona asiye na kitu iko karibu na ubahili kuliko inavyodhani.