Kandanda ya kutembea kwa wenye kisukari

Wazee wenye kisukari cha aina ya pili huniambia mpira uliwaishia magoti yalipochoka. Sasa wao ni kushangilia Shabana tu katika Uwanja wa Gusii. Sivyo. Mwaka 2011, huko Chesterfield, Uingereza, ilianza kandanda ya kutembea: ukikimbia, mpira wapewa wapinzani.

Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka damuni hata insulini inapolegea. Dakika 30, siku tano kwa wiki, zatosha. Tafuteni uwanja tambarare, jambo gumu kidogo Nyamira! Vaa viatu na soksi, kisha kagua nyayo; kidonda kisichouma ndicho cha kuogopwa.

Anayejidunga insulini asicheze akiwa na njaa. Awe na sukari mfukoni. Akitetemeka na kutokwa jasho, aketi, ailambe papo hapo.