Seiko ya Mzee ni Modeli Gani? Geuza Mgongo

Watu wakiniletea saa ya marehemu baba yao, kitu cha kwanza wanachonionyesha ni uso: "Hii ni Seiko 5, si unaona imeandikwa?" Naona. Lakini Seiko 5 si modeli, ni ukoo mzima ulioanza Japani mwaka 1963, wenye saa za kila sura. Modeli yako imeandikwa mgongoni.

Mfuniko wa nyuma kwa kawaida huwa umeganda jasho na uchafu wa miaka. Chokonoa taratibu kwa kijiti cha meno, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usiitumbukize majini, mpira wa kuzuia maji wa umri huo hauaminiki. Namba zikiwa zimelika, laza tochi ya simu ubavuni mwa saa ili mwanga upite juu juu. Michoro hafifu itatoa kivuli, na 3 haitafanana tena na 8. Piga picha, ikuze.

Unatafuta mafungu mawili ya tarakimu nne yenye kistari katikati, mfano 6309-7040. La kwanza ni mashine, la pili ni kasha. Yote mawili pamoja ndiyo modeli. Hiyo 6309-7040 ni saa ya wapiga mbizi. Iliyoitangulia, 6105-8110, ndiyo aliyovaa Martin Sheen katika filamu ya Apocalypse Now.

Kuna namba nyingine peke yake, ambayo kwa saa za miaka ya 70 na 80 huwa na nafasi sita. Ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9, halafu O ni Oktoba, N Novemba, D Desemba. Tuseme inaanza na 1D. Ni Desemba 1971, 1981 au 1991? Mwamuzi ni mashine. 6309 ilitengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 70 hadi mwishoni mwa miaka ya 80, kwa hiyo ni 1981. Kwenye 6119, ambayo ni ya zamani zaidi, 1D hiyo hiyo ni 1971.

Sasa ndiyo urudi usoni. Chini kabisa, ukingoni, kuna maandishi madogo mno, nayo yana mafungu mawili; tumia lenzi ya fundi. Fungu la kwanza lilingane na la mgongoni. La pili likitofautiana kidogo, usiogope, kiwandani ilikuwa hivyo. Ila uso unaong'aa kama wa jana kwenye kasha lililochakaa, wenye wino mnene usio na namba hizo, umepakwa upya.

Ukibaki na shaka, mpe fundi saa afungue: mashine yenyewe imechorwa namba yake. Na muuzaji akikutumia picha za uso tu, omba ya mgongo. Akizungukazunguka, weka hela yako mfukoni.