Kabla Hujabadilisha Kompyuta, Pima Waya

Nikiwa fildi, eskaveta iligoma kuwaka. Skrini ikaonyesha kosa la mawasiliano. Fundi mkuu akasema, "Kompyuta ya injini imekufa hii, tuagize nyingine." Mimi nilikuwa na maltimita tu.

Wenzangu, kumbukeni: kompyuta za mashine hizi huongea kwa nyaya mbili zilizosokotwa, mfumo wa CAN. Kila mwisho wa laini kuna rezista ya omu 120. Mbili zikiwa sambamba, hesabu ya mwaka wa kwanza inatupa 60.

Basi zima mashine, chomoa betri, pima kati ya nyaya hizo. Ukipata 60, laini kuu haijakatika, tafuta kwingine. Ukipata 120, laini imekatika au rezista moja imekufa. Ikikaribia 0, nyaya zimegusana.

Nilipata 120. Tukafuata nyaya mpaka chini ya kiti cha opereta: chuma kilikuwa kimeusugua mmoja mpaka ukakatika. Tukaunga, tukapima, 60.

"Fundi, jaribu sasa." Ikawaka.

Usiseme mtu ni bubu kabla hujaangalia kama simu yake ina laini.