MBELE YA KUNUNUA NYUMBA, IPIMWE KWANZA



Ukinunua mbuzi sokoni, unamutazama meno, unamushika mugongo, unauliza kama anakula muzuri. Basi nyumba, yenye kumaliza feza ya miaka mingi, sababu gani tunatazama rangi ya ukuta tu? Leo tujifunze namna ya kupima nyumba huku Goma na Sake.

1. MAHALI INAPOSIMAMA
Usinunue nyumba iliyo ndani ya shimo mbele ya kuuliza habari ya mazuku. Mazuku si pepo wala si ulozi. Ni gazi inayotoka chini ya udongo wa volkano. Haionekani kwa macho. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakusanyika mahali pa chini, zaidi usiku na asubuhi, wakati upepo umetulia. Mutu mukubwa anayesimama anaweza kupona, lakini mutoto anayetambaa, ao anayelala chini, anakufa.

Uliza majirani: Kuku na mbuzi wanakufa hapa bila ugonjwa? Wadudu na ndege waliokufa wanaonekana chini? Kisha uliza watu wa Observatoire Volcanologique de Goma. Wao ndio wanaopima gazi hiyo. Usijaribu wewe mwenyewe. Na kama mutu ameanguka ndani ya shimo, usishuke kumutafuta. Ita musaada.

Uliza tena kama moto wa Nyiragongo ulipita pale mwaka wa 1977, 2002 ao 2021. Nyumba nyingi zimejengwa juu ya mawe yale. Nyufa za chini zinaweza kupitisha gazi ndani ya chumba.

2. NYUMBA YENYEWE
Enda na fundi wa kujenga unayemuchagua wewe, asiwe fundi wa yule anayeuzisha. Mulipe kazi yake. Feza ile ni kidogo kuliko ya kujenga ukuta mara ya pili. Apande juu, atazame mabati na mbao kama zimeoza ao zimeliwa na muchwa. Atazame nyufa za ukuta na za chini.

Rudi tena kisha mvua kubwa. Maji yanaingia wapi? Yanasimama wapi? Chumba chenye unyevu na moshi, bila dirisha, kinaleta kikohozi kwa watoto.

3. CHOO NA MAJI
Mawe ya volkano ni magumu kuchimba, basi vyoo vingi ni vifupi na vinajaa upesi. Fundi apime urefu wa shimo. Na maji ya kunywa yanatoka wapi? Yakitoka ziwani, yatiwe dawa ao yachemshwe.

Kama anayeuzisha anakataza fundi kuingia, ama anasema, «Lipa leo, watu wengine wanangoja,» wewe mama, funga feza yako ndani ya kitenge, rudi nyumbani.

MAULIZO
1. Sababu gani mazuku inaua watoto mbele ya watu wakubwa?
2. Sababu gani tunarudi kutazama nyumba kisha mvua?
3. Fundi wa kupima nyumba achaguliwe na nani?