Dumuzi na Ghala la Mkulima: Somo la Hifadhi ya Mahindi Vijijini

Utangulizi

Mkulima wa mahindi ana kazi mbili. Ya kwanza hufanyika shambani, nayo huisha siku ya mavuno. Ya pili huanza siku hiyo hiyo, na huendelea ghalani kwa miezi minane au tisa mpaka mavuno mengine. Kazi hii ya pili haina sifa kubwa kama ya kwanza, lakini ndiyo huamua kama kaya itakula ugali wa mahindi yake yenyewe wakati wa palizi, au itauza mbuzi ili inunue unga. Ikumbukwe pia kwamba gunia linaloharibika ghalani limekwisha kumla mkulima mbegu, mbolea na nguvu za msimu mzima.

Maadui wa nafaka ghalani ni wengi: panya, nondo, fukusi, kuvu na unyevu. Makala haya yataeleza hasa juu ya adui mmoja aliyebadili kabisa hali ya hifadhi katika Afrika ya Mashariki, yaani dumuzi, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Prostephanus truncatus. Historia yake, maisha yake na njia za kupambana naye ni somo linalounganisha biolojia, kemia, hesabu na uchumi wa kijiji.

Asili ya dumuzi na kuingia kwake

Dumuzi ni mbawakawa ambaye asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati, ndiko mahindi nayo yalikoanzia. Barani Afrika hakujulikana kabla ya miaka ya 1970 kumalizika. Habari za kwanza za uharibifu wake zilitangazwa mwaka 1981 kutoka mkoa wa Tabora nchini Tanzania, na inaaminika kuwa aliingia pamoja na shehena za mahindi kutoka ng'ambo. Mwaka 1983 alionekana Taveta nchini Kenya, na mwaka 1984 nchini Burundi. Mwaka huo huo wa 1984 alipatikana Togo, katika Afrika ya Magharibi. Baadaye alisambaa katika nchi nyingi za bara hili.

Wakulima wa Tanzania walimpa jina la Skania, kwa kumfananisha na lori kubwa lenye nguvu. Ulinganisho huo haukuwa wa mzaha. Wenyeji walikuwa wamezoea fukusi, ambaye huharibu nafaka polepole. Dumuzi aliweza kuyageuza mahindi ya kichanja kizima kuwa vumbi katika muda wa miezi michache.

Umbo na maisha yake

Dumuzi aliyekomaa ana urefu wa milimita 3 hadi 4.5. Rangi yake ni ya kahawia iliyokoza, na mwili wake ni wa mviringo kama kipande cha penseli kilichokatwa wima upande wa nyuma. Kichwa kimeinama chini ya kifua, hata hakionekani mtu akimtazama kutoka juu. Fukusi, kwa upande wake, hutambulikana kwa urahisi kwa sababu ana mdomo mrefu uliochongoka kama mkonga.

Tofauti kubwa zaidi iko katika namna ya kula. Buu la fukusi huishi na kukua ndani ya punje moja. Dumuzi aliyekomaa hutoboa punje moja baada ya nyingine, akiacha vumbi jingi kuliko analolimeza. Jike hutaga mayai katika vijia alivyochimba, na mabuu hukua katika nafaka na vumbi hilo. Penye joto la nyuzi 32 za Selsiasi na unyevu mwingi hewani, yai huweza kuwa mdudu kamili katika muda wa majuma manne hivi. Ni dhahiri kwamba wadudu wachache walioingia mwezi wa Julai huweza kuwa maelfu kabla ya Krismasi.

Tabia tatu za dumuzi zastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndizo msingi wa njia za kumzuia.

Kwanza, huweza kuishi katika mahindi makavu sana, hata yenye unyevu wa asilimia 9 tu. Kwa hiyo kukausha peke yake hakumzuii, ingawa kunazuia maadui wengine.

Pili, hutoboa vizuri zaidi pale anapopata egemeo. Punje zilizoshikamana katika gunzi humpa egemeo hilo. Punje zilizopukuchuliwa huteleza na kumsumbua. Ndiyo sababu mahindi ya magunzi huharibika upesi zaidi. Makopa ya muhogo nayo humfaa sana, na majaribio yameonyesha kwamba yanaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake katika miezi minne.

Tatu, huishi pia katika miti mikavu, porini na katika nguzo za ghala lenyewe. Dume akipata chakula hutoa harufu maalumu, iitwayo feromoni, inayowaita wenzake wa kike na wa kiume. Kabla ya hapo wadudu huruka huku na huku kwa bahati tu. Hii yaeleza kwa nini nyumba moja huweza kupata hasara kubwa na ya jirani ikasalimika, na mwaka unaofuata ikawa kinyume chake. Mkulima aliyesalimika mwaka huu asidhani kwamba ghala lake lina kinga.

Kipimo cha hasara

Uchunguzi uliofanywa Tabora katika miaka ya mwanzo ya 1980 ulionyesha kwamba mahindi yaliyokaa ghalani kwa miezi mitatu hadi sita yalipoteza kwa wastani asilimia 8.7 ya uzito wake, na katika ghala lililoathirika zaidi hasara ilifika asilimia 34. Tuchukue mfano wa kaya iliyohifadhi magunia 10 ya kilo 100. Hasara ya wastani ni kilo 87. Hasara ya asilimia 34 ni kilo 340, yaani zaidi ya magunia matatu.

Hasara hupimwaje? Watu wengi huhesabu punje zenye matundu, kisha wakasema kwamba ikiwa punje 20 katika 100 zimetobolewa, hasara ni asilimia 20. Hesabu hiyo si sahihi, maana punje iliyotobolewa haijapotea yote. Njia ifuatayo ni bora, nayo yaweza kufanywa katika maabara yoyote ya shule yenye mizani.

Zichukuliwe punje 1,000 na kutengwa katika mafungu mawili: nzima na zilizotobolewa. Tuseme punje nzima ni 800 na uzito wake ni gramu 280. Zilizotobolewa ni 200, na uzito wake ni gramu 50. Kwa kuwa punje 800 nzima zina gramu 280, punje 1,000 zingalikuwa nzima zote zingalikuwa na gramu 350. Uzito uliopo ni 280 na 50, yaani gramu 330. Uzito uliopotea ni gramu 20 katika 350, ambao ni asilimia 5.7. Hata hivyo, yafaa kukumbuka kwamba kipimo hiki hakihesabu punje zilizokwisha kabisa kuwa vumbi, na kwamba bei ya mahindi yaliyotobolewa hushuka sokoni kuliko uzito wake ulivyoshuka.

Njia za kupambana naye

Njia ya kwanza iliyoenezwa ilikuwa kuyapukuchua mahindi, kuyachanganya na dawa ya unga, na kuyahifadhi katika magunia au vihenge vilivyosafishwa. Hapa palikuwa na tatizo la kikemia. Dawa ya pirimifosi-methili huwaua fukusi vizuri, lakini dumuzi huistahimili kwa kiasi kikubwa. Permethrini huwaua dumuzi, lakini haiwamalizi fukusi. Kwa vile wadudu hao wawili huishi ghala moja, ilibidi dawa zote mbili zitiwe katika unga mmoja. Mchanganyiko huo ulisaidia sana. Udhaifu wake ni kwamba nguvu ya dawa hupungua kadiri miezi inavyopita, mkulima huweza kukosea kipimo, na dawa hafifu huuzwa pia sokoni. Dawa ni sumu. Kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na siku za kungoja kabla ya kula havina budi kufuatwa.

Njia ya pili ilitafutwa katika nchi ya asili ya dumuzi. Huko wataalamu walimkuta mbawakawa mwingine mdogo mweusi, Teretrius nigrescens, ambaye hufuata harufu ya dumuzi na kula mayai na mabuu yake. Baada ya kuchunguzwa, adui huyo wa asili alifunguliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992, na baadaye katika nchi nyingine. Alipostawi alipunguza idadi ya dumuzi porini. Hata hivyo huzaliana polepole kuliko anayewindwa, kwa hiyo hawezi kuliokoa ghala lililokwisha kuvamiwa.

Njia ya tatu ni kuwanyima wadudu hewa. Mapipa ya bati yenye mfuniko unaobana na magunia ya tabaka tatu hutumika kwa kazi hii. Magunia hayo, ambayo chanzo chake ni utafiti wa hifadhi ya kunde uliofanywa Kameruni kuanzia miaka ya 1980, yana mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya gunia la kawaida. Mfuko ukifungwa vizuri, wadudu waliomo hutumia oksijeni iliyobaki:

C₆H₁₂O₆ + 6O₂ → 6CO₂ + 6H₂O

Mlinganyo huu una fundisho ambalo halionekani mara moja. Upande wake wa kulia mna maji. Mdudu anayeishi katika nafaka kavu hana kisima wala umande. Sehemu kubwa ya maji yake huyapata kwa kuunguza wanga kwa oksijeni. Oksijeni, ambayo ni asilimia 21 hivi ya hewa, ikishuka chini ya asilimia 5, mdudu huacha kula na kuzaa, na maji mwilini mwake hupungua mpaka akafa. Kwa maneno mengine, mdudu katika gunia lililofungwa hufa kwa kiu.

Masharti ya njia hii ni matatu. Mahindi yawe makavu, kwa kuwa mahindi mabichi yakifungiwa huvunda. Gunia lisifunguliwe mara kwa mara, bali kaya iwe na gunia jingine la matumizi ya kila siku. Tena mifuko ikaguliwe, maana dumuzi ana uwezo wa kutoboa plastiki, hasa mahindi yakiwa yamekwisha kuvamiwa kabla ya kufungwa.

Hatari ya sumukuvu

Kukausha mahindi kuna sababu nyingine iliyo kubwa kuliko hasara ya uzito. Kuvu aitwaye Aspergillus flavus hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo hudhuru ini na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 mkasa kama huo ulitokea katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania, ambako watu 20 walifariki. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, si juu ya ardhi tupu, na punje zilizooza zichaguliwe na kutupwa.

Ghala na uchumi wa kijiji

Bei ya mahindi huwa ya chini wakati wa mavuno na hupanda kadiri miezi inavyokwenda. Mkulima anayeogopa dumuzi huuza mapema kwa bei ya chini, na baadaye hununua chakula kile kile kwa bei ya juu. Tofauti ya bei hizo humwendea mwenye ghala zuri na fedha za kungojea. Kwa hiyo hifadhi bora ni suala la chakula na la haki pia.

Ni kweli kwamba si kila kaya huuza mapema kwa sababu ya wadudu. Karo, matibabu na madeni havingoji. Hapa ghala la ushirika laweza kusaidia. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 nchini Tanzania inamruhusu mkulima kuweka mazao katika ghala lililoidhinishwa na kupewa stakabadhi, ambayo yaweza kuwa dhamana ya mkopo. Utaratibu huo hufaa pale tu ghala linapoendeshwa kwa uaminifu na mazao yanapokuwa makavu na safi. Elimu ya nyumbani na uongozi wa chama hutegemeana.

Jaribio la darasani

Chupa kavu ya kioo ijazwe mahindi robo yake, kisha itiwe kijiko kikubwa kimoja cha chumvi kavu. Ifungwe, itikiswe kwa dakika moja, na iachwe itulie. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 hivi na hayafai kuhifadhiwa. Isipogandamana, yameanza kufaa. Yaendelee kukaushwa mpaka asilimia 13. Mahindi yaliyotumika katika jaribio yasirudishwe kwenye chakula.

Maswali

1. Kwa nini kukausha mahindi hakutoshi kumzuia dumuzi?
2. Punje nzima 600 zina gramu 240, na punje 400 zilizotobolewa zina gramu 110. Tafuta hasara ya uzito kwa asilimia.
3. Eleza, kwa kutumia mlinganyo uliotolewa, kwa nini mdudu hufa kwa kukosa maji katika gunia lisilopitisha hewa.
4. Ulizia bei ya debe la mahindi kijijini kwenu wakati wa mavuno na miezi sita baadaye. Je, tofauti hiyo ingetosha kununua gunia la tabaka tatu? Jadilini darasani ni nani anayeipata tofauti hiyo kwa sasa.