Macho Dirishani: Kuona Wanyama Kati ya Morogoro na Kitonga

Familia nyingi zinazopanda Iringa na Mbeya wakati wa likizo hupita Hifadhi ya Mikumi zikiwa usingizini. Ni hasara. Barabara kuu inaikata hifadhi hiyo kwa takriban kilomita 50, Uluguru ikibaki nyuma yenu na Udzungwa ikijitokeza mbele, na anayepita tu kwenye lami halipi kiingilio.

1. Lala Morogoro. Ukitoka Dar asubuhi utafika Mikumi jua likiwa utosini, wakati ambao hata nyati ameshajitafutia kivuli. Toka Morogoro alfajiri, mwingie hifadhini kukiwa bado na ubaridi. Jioni kabla ya saa 12 nako ni kuzuri. Usiku hapana: tembo hana taa za nyuma.

2. Chimbeni dawa mapema. Doma ni pazuri kwa shughuli hiyo. Mkishaingia hifadhini hakuna kushuka, na simba haimhusu kwamba mtoto alikunywa soda mbili.

3. Dereva asitafute wanyama. Kazi yake ni matuta, malori na vibao vya mwendo. Kuna mabango ya faini kwa anayegonga mnyama, kila mnyama na bei yake. Wapeni watoto wayasome kwa sauti, mtaona mguu wa baba unavyokuwa mwepesi kwenye mafuta kuliko akipigwa tochi na trafiki.

4. Gawaneni madirisha. Wa kulia aangalie kulia, wa kushoto kushoto, na anayeona ataje alama: “kushoto, nyuma ya mti mkavu”. “Pale! Pale!” haimsaidii mtu. Ile mbinu ya waongoza watalii ya kutaja saa mbili au saa tisa iacheni, maana watoto waliozoea saa zetu watabishana mpaka tembo amalize kuvuka.

5. Msitafute mnyama mzima. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanakodolea macho uwanda wa Mkata wakisubiri twiga wa kwenye picha, aliyesimama peke yake kwenye nyasi fupi. Mnyama halisi huonekana vipandevipande: sikio linalopunga, mkia, pembe inayofanana na tawi. Miti imesimama wima, kwa hiyo ukiona mstari uliolala katikati ya vichaka, huenda ni mgongo wa nyati. Swala pala akikugeuzia kisogo, tafuta mistari myeusi ya matakoni. Ngiri akikimbia husimamisha mkia wima, nao huonekana juu ya nyasi hata kama mwili umezama. Yangeyange weupe wakirukaruka majanini, chini yao mara nyingi kuna mnyama mkubwa anayewafukuzia wadudu. Na twiga kadhaa wakiganda wakitazama upande mmoja, nanyi tazameni huko huko. Yawezekana wameona simba. Haya yote ni rahisi zaidi kati ya Juni na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka. Desemba majani hurefuka, lakini mnafidiwa na watoto wa swala.

6. Ganda la ndizi libaki garini. Nyani wa Mikumi hukaa kando ya lami wakingoja kurushiwa chakula, na wanaozoea hivyo huishia kugongwa. Ukitaka kuwatazama, punguza mwendo na funga vioo.

7. Mkiwa na siku ya ziada, kunjeni kushoto pale Mikumi mjini mwelekee Kidatu hadi Mang'ula, lango la Milima ya Udzungwa. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992 na ni ya kutembea kwa miguu, pamoja na mwongozaji. Kiingilio hapa mnalipa, na kwa maoni yangu watoto wataikumbuka kuliko kitu kingine chochote cha safari. Sikilizeni kwanza kabla ya kutazama: tawi likivunjika juu na majani yakimwagika, huyo ni mbega. Mbega mwekundu wa hapa, mwenye nywele za rangi ya kutu kichwani, hapatikani nje ya milima hii na misitu ya jirani. Waambieni watoto wamchunguze kiganja kwa darubini. Hana kidole gumba cha maana, bali vidole vinne virefu anavyoning'inizia kama kulabu. Chini, kwenye majani makavu, mkisikia mchakacho mkubwa kuliko mnyama mwenyewe, huenda ni sange, mwenye pua ndefu inayochezacheza.

8. Mkiendelea na barabara kuu, Ruaha Mbuyuni vitunguu ni vingi na mtanunua tu. Viwekeni kwenye buti na mlifunge. Mbele kuna mlima Kitonga, ambako malori hupanda kwa mwendo wa konokono na nyani huketi kwenye vyuma vya kando ya barabara wakikagua magari. Mkiwa nyuma ya lori msihangaike kulipita. Geuzeni macho mtazame bondeni na kwenye miamba. Dereva yeye aendelee kutazama lori.