Makumbusho na Shule: Anza na Mwalimu, Basi Litafuata

Ziara ya shule kwenye makumbusho sote tunaijua. Basi linafika saa tano badala ya saa tatu, watoto mia na zaidi wanashuka, wanapangwa mstari, mwongozaji anapaza sauti ambayo wa nyuma hawaipati, na kabla ya saa moja kuisha wote wako nje na juisi za pakiti. Kesho yake, kwenye kipindi cha sayansi, hakuna anayeigusia. Watoto hawana kosa. Makumbusho na shule yao vilikutana siku hiyo kwa mara ya kwanza, na siku hiyohiyo vikaagana.

Ukiwa idara ya elimu ya makumbusho, weka pembeni kwanza ile barua ya kukaribisha wanafunzi. Chagua shule tatu au nne za serikali zilizo karibu, uwaalike walimu wao wa sayansi Jumamosi moja. Warudishie nauli, wape chai ya maana. Kisha waache wazunguke wenyewe, muhtasari wa somo mkononi, wakitafuta jambo moja tu: kitu gani humu ndani kinaweza kunisaidia kwenye mada inayonitoa jasho? Jiandae kunyenyekea, maana kabati unalojivunia wanaweza kulipita bila kugeuka, wakasimama mbele ya samaki mkavu wa siku nyingi kwa sababu anaonyesha mapezi na magamba vizuri kuliko mchoro wa kitabuni. Andika walichochagua. Mpango wako wa mwaka umeanza kupatikana hapo.

Jijini New York walijenga mpango mzima juu ya wazo hili. Mwaka 2004, American Museum of Natural History iliungana na bustani za wanyama, bustani za mimea na taasisi nyingine za sayansi za jiji, wakaanzisha Urban Advantage kwa ajili ya shule za umma. Walimu wanafunzwa ndani ya taasisi zenyewe namna ya kusimamia uchunguzi wa kisayansi, shule zinapewa vifaa, wanafunzi wanafanya uchunguzi wao, na familia zinapata tiketi za kuingia bure ili mtoto arudi na wazazi. Fedha zao hatuna. Mpangilio wao tunaweza kuuazima, hasa hilo la tiketi, kwani mtoto anayemwongoza baba yake kwenye kabati analolijua anafundisha, na kufundisha ndiko kunakokaza alichojifunza.

Mkishaelewana na walimu, kila ziara ipewe swali moja. Nasisitiza moja, kwa sababu tamaa ya kuonyesha kila kitu ndiyo inayoharibu ziara nyingi. Chukua mfano wa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na fuvu la zamadamu Zinjanthropus, lile ambalo Mary Leakey alilikuta Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa takribani miaka milioni 1.75. Mwongozaji wa kawaida atataja tarehe, umri na jina, basi. Wewe anza bila kutaja lolote. Waambie watoto waweke vidole viwili kwenye panja, kila mmoja, kisha watafune kana kwamba wana muwa mdomoni. Watasikia msuli ukicheza chini ya vidole. Waulize: msuli huo unapanda hadi wapi? Wataufuata kwa vidole mpaka pembeni mwa kichwa, utawapotea. Sasa waoneshe fuvu, au nakala yake, lenye tuta la mfupa linalopita katikati ya utosi. Waache wakae na hilo kidogo. Baada ya muda yupo atakayesema kwamba huyu misuli yake ilipanda mpaka juu kabisa, ikakutana. Ndivyo ilivyokuwa. Halafu waangalie magego yalivyo mapana, ndipo uwaachie swali la siku: alikuwa anakula nini?

Kila kundi litoe jibu na ushahidi wake. Usikimbilie kusahihisha. Wataalamu wenyewe kwa miaka mingi walimwita mpasua njugu, wakiamini meno yale yalikuwa ya kuvunjia vitu vigumu. Mwaka 2011 ukatoka uchunguzi wa kemikali ya meno ya jamii yake yaliyopatikana Kenya, ukaonyesha kwamba chakula chao kikubwa kilitokana na nyasi au mimea ya jamii ya ndago. Mtoto wa darasa la sita akisikia kwamba wanasayansi walibadili mawazo baada ya kupima, amepata jambo ambalo mtihani wa kuchagua herufi haumpi.

Darasa la watoto tisini halisimami mbele ya kabati moja. Ligawe mara tatu. Dar es Salaam, Bustani ya Mimea iko jirani na makumbusho, kwa hiyo kundi moja linaweza kuwa huko likilinganisha majani huku la pili likiwa ndani na la tatu likichora. Arusha, kwenye Makumbusho ya Elimu Viumbe ndani ya boma la Wajerumani, tumieni uwanja kwa namna hiyohiyo. Walimu waliokuja ile Jumamosi ndio wasimamie vituo. Wanazijua sauti za wanafunzi wao, na wanajua nani akiachwa nyuma hatasema.

Zipo shule ambazo basi halitapatikana kamwe. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, mwalimu mkuu anasita kuchangisha wazazi, na ana haki ya kusita. Hapo makumbusho yafunge safari. Tengenezeni sanduku la kuazimisha linalokaa shuleni wiki mbili: nakala za plasta, lenzi za mkono, futikamba ya fundi cherehani, kadi za maswali kwa Kiswahili. Mifupa halisi chukueni buchani, ya mbuzi au ng'ombe, mkaichemsha na kuianika vizuri. Msitie fuvu au pembe ya mnyamapori bila kibali, kwa sababu hizo ni nyara za serikali na hamtaki mwalimu aulizwe na polisi amezitoa wapi.

Katika sanduku hilo mimi ningeweka pia turubai lililochorwa nyayo za zamadamu wa Laetoli kwa ukubwa wake halisi. Nyayo zenyewe, zilizoachwa kwenye majivu ya volkano takribani miaka milioni 3.66 iliyopita, zimefukiwa ili zisiharibike, kwa hiyo hata mtalii aliyelipa dola anaishia kuona nakala. Watoto wapimane urefu wa unyayo na kimo, wagawanye kimoja kwa kingine, wapate wastani wa darasa. Kisha wapime unyayo turubaini na wakadirie aliyeuacha alikuwa mrefu kiasi gani. Lazima wabishane kama uwiano wa miguu yao unamfaa kiumbe yule. Waache wabishane, na mwalimu aandike ubaoni sababu za kila upande.

Kuhusu vibali, anzeni mapema. Barua ipite kwa Afisa Elimu Kata hadi halmashauri, ikitaja mada za muhtasari zitakazofundishwa, kwani barua inayosema "ziara ya mafunzo" tu huwekwa chini ya nyingine. Epukeni Septemba, mwezi wa mtihani wa darasa la saba.

Ili mjue kama mnafanikiwa, msihesabu vichwa vilivyoingia getini. Wiki moja kabla, mwalimu awape watoto swali la siku wajibu kwa maandishi na mchoro. Wiki moja baadaye awape lilelile. Afisa wa makumbusho na mwalimu wakae wasome karatasi hizo pamoja. Mahali ambapo majibu hayajabadilika, kituo hicho kibadilishwe.

Na kila shule iwe na walimu wawili katika mpango, asiwe mmoja. Mwalimu mwenye ari akipata uhamisho, mara nyingi ushirikiano huondoka naye. Maandalio ya masomo, kadi na namba za simu vikae kwenye jalada ofisini kwa mwalimu mkuu, na anayehama amkabidhi mwenzake kabla hajafunga mizigo.